Jiwe Huja Mwisho: Mwongozo kwa Mashabiki Wanaotaka Kumwekea Alama ya Kaburi Mwanamuziki wa Blues

Wanamuziki wengi wa blues waliorekodi santuri katika miaka ya 1920 na 1930 kusini mwa Marekani walizikwa kwenye viwanja vidogo vya makanisa ya mashambani, na makaburi yao yakaachwa bila jiwe. Kampuni za santuri ziliwalipa fedha taslimu kwa kila wimbo bila mrabaha, familia zao zililima mashamba ya watu kwa kugawana mavuno, na alama za mbao zilizosimikwa siku ya maziko zilioza baada ya misimu michache ya mvua. Kazi ya kuyatafuta makaburi hayo na kuyawekea alama imefanywa kwa sehemu kubwa na mashabiki, yaani watu waliomjua marehemu kwa sauti tu. Mwaka 1989 Skip Henderson, mfanyabiashara wa magitaa ya zamani kutoka New Jersey, alianzisha mfuko uitwao Mount Zion Memorial Fund, na katika miaka iliyofuata mfuko huo ulisimamia mawe ya Charley Patton, Elmore James, Mississippi Fred McDowell, Memphis Minnie na wengine kadhaa. Baadaye lilizuka pia kundi la Killer Blues Headstone Project la jimbo la Michigan, ambalo limeendeleza kazi hiyohiyo kwa wanamuziki wasio na majina makubwa.

Mwongozo huu unamlenga shabiki, au kikundi cha mashabiki, anayetaka kufanya kazi ya namna hiyo kwa mwanamuziki mmoja anayempenda, awe anaishi jirani na makaburi hayo au ng'ambo ya bahari. Msimamo wangu niuseme mapema: jiwe ndilo jambo la mwisho kushughulikiwa, ingawa ndilo la kwanza kuwajia watu akilini. Anayeanza na mchango na mchongaji kabla ya nyaraka na familia hujikuta na kipande ghali cha graniti ambacho hakina mahali pa kuwekwa, au kimewekwa juu ya mtu mwingine.

Kuthibitisha ni nani na amelala wapi

Mahali pa kuanzia ni cheti cha kifo. Nchini Marekani vyeti hivyo hutunzwa na jimbo alikofia mtu, na cheti cha kawaida hutaja jina la marehemu, wazazi wake, kazi yake, mtu aliyetoa taarifa, msimamizi wa mazishi na mahali pa kuzikwa. Gayle Dean Wardlow, mkusanyaji wa santuri wa Mississippi aliyekuwa akipita nyumba hadi nyumba akiuliza kama kuna santuri za zamani za kuuza, ndiye aliyekipata cheti cha Robert Johnson mwaka 1968, miaka 30 baada ya mwanamuziki huyo kufariki karibu na mji wa Greenwood tarehe 16 Agosti 1938. Kabla ya hapo watu walijua nyimbo 29 na uvumi mwingi.

Hata hivyo cheti hakimalizi kazi. Cha Johnson kilitaja mahali pa kuzikwa kuwa kanisa la Zion, bila kufafanua zaidi, na katika eneo lile makanisa yenye neno Zion katika jina lake ni mengi. Matokeo yake ni kwamba leo mwanamuziki huyo mmoja ana mawe katika viwanja vitatu tofauti. Mnara ulio kwenye kanisa la Mount Zion karibu na Morgan City, wenye orodha ya nyimbo zake, ulisimamishwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa fedha za kampuni ya Columbia na michango midogomidogo. Jiwe dogo la kanisa la Payne Chapel, huko Quito, liliwekwa na wanamuziki wa kikundi cha roki kutoka Atlanta. La tatu liko kanisa la Little Zion, kaskazini mwa Greenwood, na liliwekwa baada ya mjane wa mtu aliyechimba kaburi kueleza, mwaka 2000, alipomwona mumewe akichimba. Watafiti wengi sasa wanauelekea ushahidi huu wa tatu, nami naona wana haki, kwa kuwa ndio pekee unaotoka kwa mtu aliyekuwapo. Lakini angalia ulikuja lini: baada ya mawe mengine mawili kukauka saruji. Mama huyo aliishi jirani na kanisa muda wote.

Kwa hiyo, ukishapata cheti, mtafute msimamizi wa mazishi aliyetajwa au waliorithi biashara yake, kwani wengi wao walitunza madaftari. Kisha nenda kwa wazee wa kanisa, hasa kina mama wazee, ambao mara nyingi wanakumbuka nani alizikwa karibu na nani hata pale ambapo hakuna alama yoyote ardhini. Waulize kuhusu makaburi ya jirani kwanza, si kuhusu mtu maarufu, maana ukianza na jina lake utajibiwa yale ambayo wageni wengine walishayasema.

Tarehe ya kuzaliwa inahitaji uangalifu wa pekee. Fomu za sensa ya Marekani huwekwa wazi baada ya miaka 72, hivyo zile za mwaka 1950 zilianza kupatikana mwaka 2022, na humo utaona umri wa mtu ukipanda na kushuka kutoka sensa moja hadi nyingine. Kadi za kujiandikisha jeshini za mwaka 1917 na 1918 zina faida ya kuwa mhusika mwenyewe ndiye aliyejibu maswali. Blind Lemon Jefferson, kwa mfano, anaonekana katika sensa ya 1900 kama mtoto aliyezaliwa Septemba 1893, lakini kwenye kadi yake ya 1917 alisema amezaliwa tarehe 26 Oktoba 1894, anaishi Dallas, na ni kipofu tangu kuzaliwa. Nyaraka mbili zikipingana hivyo, usichague ile inayokupendeza. Andika zote mbili katika faili lako pamoja na nani alitoa taarifa, na ukifika wakati wa kuchonga, ama andika mwaka tu ama uache kabisa tarehe ya kuzaliwa.

Wasiofanya hivyo wameacha makosa yanayosomwa na kila mgeni. Jiwe la Sonny Boy Williamson, yule wa pili kati ya wanamuziki wawili waliotumia jina hilo, lililoko Tutwiler, Mississippi, linasema alifariki tarehe 23 Juni 1965, ilhali alifariki mwezi Mei. La Bessie Smith linamtaja kuwa amezaliwa mwaka 1895, na waandishi wa maisha yake hutumia tarehe 15 Aprili 1894. Kosa likishachongwa hunakiliwa na magazeti, na baada ya miaka kumi ndilo linakuwa ushahidi dhidi ya nyaraka.

Familia, kanisa na mwenye shamba

Kuna pande tatu ambazo ni lazima ziridhie, nazo si lazima ziwe zinaelewana. Familia ndiyo yenye marehemu. Kanisa, au kamati ya makaburi, ndilo lenye kiwanja. Mwenye shamba linalozunguka kiwanja ndiye mwenye njia ya kufikia huko, na huyu ndiye mashabiki humsahau.

Kisa cha Tommy Johnson kinastahili kusimuliwa kwa kirefu kwa sababu hii. Mwanamuziki huyo alifariki mwaka 1956 na kuzikwa karibu na Crystal Springs, Mississippi, katika makaburi yaliyozungukwa na mashamba ya watu binafsi. Mwaka 2001 familia yake iliagiza jiwe kupitia Mount Zion Memorial Fund, mwanamuziki Bonnie Raitt akalilipia, na mchongaji akachora sura ya marehemu kwenye graniti. Lilizinduliwa rasmi mwezi Oktoba mwaka huohuo, lakini halikwenda makaburini. Palizuka mgogoro wa njia kati ya familia, wamiliki wa mashamba yanayozunguka na baraza la wilaya, na wakati wote huo jiwe la kaburi lilikaa ndani ya maktaba ya mji, ambako watu walikwenda kulitazama kama kitu cha maonyesho. Liliwekwa juu ya kaburi mwezi Oktoba 2012, baada ya miaka 11. Tarehe 2 Februari 2013 lilikutwa limevunjwavunjwa, inavyoelekea kwa nyundo kubwa. Hapakuwa na kasoro katika mchango wala katika uchongaji. Kilichokosekana ni makubaliano ya ardhini, na hayo hayanunuliwi na mtu maarufu.

Somo lake la vitendo ni hili: kabla ya kukusanya hata senti moja, pata kwa maandishi ridhaa ya ndugu wa karibu, ridhaa ya kanisa, na uhakika wa njia. Ikiwa barabara inakatiza shamba la mtu, mwone mwenye shamba ana kwa ana ukiongozana na mchungaji au ndugu wa marehemu. Usimwandikie barua ya kisheria kama salamu ya kwanza. Ukipewa ruhusa ya mdomo, andika muhtasari wa mazungumzo, mpe asome na aweke sahihi.

Kwa upande wa familia, usiende na mchoro wa jiwe mkononi. Nenda na maswali. Wengine hawapendi neno blues litajwe kaburini kwa sababu ndugu yao alimaliza maisha yake akiwa mshiriki wa kanisa, na wengine wana jiwe lao dogo ambalo hawataki liondolewe. Kaburi la Mississippi Fred McDowell, katika makaburi ya kanisa la Hammond Hill kati ya Como na Senatobia, lilikuwa tayari na alama, ila jina lake lilikuwa limekosewa na alama yenyewe imeharibika. Jiwe jipya lilipowekwa tarehe 6 Agosti 1993, la zamani halikutupwa. Familia ililitoa kwa Delta Blues Museum mjini Clarksdale, na huo ndio utaratibu ninaoupendekeza kwa kila anayebadilisha jiwe, kwa kuwa hata alama yenye kosa ilinunuliwa na mtu kwa uchungu.

Mkifanya vizuri hatua hii, siku ya uzinduzi itajaa watu wanaohusika. Jiwe la Memphis Minnie lilipozinduliwa Walls, Mississippi, tarehe 13 Oktoba 1996, walikuwapo jamaa zake 34, dada yake akiwa miongoni mwao.

Fedha

Hapa nitakuwa mfupi, kwa kuwa msomaji yeyote aliyewahi kukaa kwenye kamati ya mazishi au ya harusi anajua namna mchango unavyoendeshwa: mweka hazina mmoja, daftari moja, akaunti isiyo ya mtu binafsi, na taarifa inayosomwa mbele ya wachangiaji. Ongeza sharti moja tu, kwamba fedha zilipwe moja kwa moja kwa mchongaji na zisipitie kwa ndugu wala kwa shabiki mwenye shauku. Bessie Smith alizikwa mwaka 1937 karibu na Philadelphia baada ya maziko yaliyohudhuriwa na maelfu ya watu, na kaburi lake likakaa bila jiwe kwa karibu miaka 33, ingawa fedha zilichangishwa kwa ajili hiyo zaidi ya mara moja. Lililomaliza jambo hilo halikuwa tamasha. Shabiki mmoja aliliandikia gazeti la mji akiuliza kwa nini kaburi halina alama, na watu wawili wakajitokeza kulipa: mwimbaji Janis Joplin, na Juanita Green, ambaye utotoni aliwahi kufanya kazi za nyumbani kwa Bessie. Jiwe likazinduliwa tarehe 7 Agosti 1970. Barua iliyoandikwa vizuri inaweza kupunguza miezi mingi ya kuchangisha.

Kagua pia kama marehemu alitumikia jeshi. Serikali ya Marekani, kupitia wizara inayoshughulikia wanajeshi wastaafu, hutoa bure jiwe la kaburi kwa mwanajeshi wa zamani anayestahili ambaye kaburi lake halina alama. Ni jiwe la kawaida lisilo na mapambo, na familia nyingi hulipenda zaidi kuliko minara ya mashabiki.

Ikiwa mnafikiria kuuza fulana zenye picha ya marehemu ili kupata fedha, simamisheni kwanza. Picha ina mwenyewe, na warithi wana haki zao. Mirathi ya Robert Johnson ilibishaniwa mahakamani kwa miaka mingi hadi Mahakama ya Juu ya Mississippi ilipothibitisha mwaka 2000 kwamba mwanawe ndiye mrithi, na picha chache zinazojulikana za mwanamuziki huyo nazo zilizua kesi. Jambo lenye tija zaidi ni kuisaidia familia kufuatilia mirabaha. Chris Strachwitz wa kampuni ya santuri ya Arhoolie aliwabana Rolling Stones, kikundi cha roki cha Uingereza, na wakala wao mpaka McDowell akalipwa kwa wimbo wake walioutoa upya mwaka 1971, na fedha hizo zilimfikia akiwa bado hai.

Maneno, jiwe na kulitunza

Andikeni jina la kuzaliwa au la ndoa pamoja na jina la jukwaani. Jiwe la Memphis Minnie linaanza na jina la Lizzie Douglas Lawlers, na hivyo jamaa yake na shabiki wake wote wanajua wamefika mahali sahihi. Sifa za kupita kiasi zichujwe. Mshairi wa kikundi asipewe nafasi ya mistari kumi, kwa sababu herufi ndogo hujaa ukungu na kutosomeka upesi, na kila mstari unaongeza bei. Kabla ya kuchonga, mchongaji hutoa mchoro wa majaribio. Watu watatu wausome kila mmoja peke yake, mmoja wao akiwa ndugu wa marehemu, na mmoja asome herufi kwa herufi kutoka mwisho kwenda mwanzo, kwani jicho lililozoea jina hulisahihisha lenyewe bila mwenye jicho kutambua.

Graniti ndiyo inayofaa kwa udongo na mvua za Delta, yaani tambarare ya kaskazini-magharibi mwa jimbo la Mississippi. Marumaru huliwa na hali ya hewa. Udongo wa huko ni laini na hutitia, kwa hiyo msingi wa saruji usiachwe kwa ajili ya kubana matumizi.

Usafi ni suala la miaka, si la siku ya uzinduzi. Blind Lemon Jefferson, aliyefariki Chicago mwezi Desemba 1929, aliimba akiomba kaburi lake litunzwe safi, ombi ambalo halikutimizwa kwa muda mrefu. Jimbo la Texas liliweka alama ya kihistoria huko Wortham mwaka 1967, na miaka 30 baadaye hali ya mahali hapo ilikuwa mbaya kiasi kwamba jiwe jipya la graniti lilihitajika mwaka 1997. Mwaka 2007 makaburi yenyewe yalibadilishwa jina yakaitwa kwa heshima yake, na kamati ya wenyeji ikachukua jukumu la kuyatunza. Mashabiki walio mbali wanaweza kumlipa mwenyeji kwa mwaka ili afyeke nyasi, na malipo hayo yahusu kiwanja kizima, maana kulifyekea kaburi moja katikati ya magugu ya makaburi ya watu wengine ni aibu kwa wote. Jiwe lioshwe kwa maji na brashi laini. Dawa za kung'arisha nguo, brashi ya waya, chaki ya kuzifanya herufi zionekane kwenye picha, vyote viachwe. Wageni huacha harmonika kwenye jiwe la Sonny Boy Williamson, na chupa au nyuzi za gitaa kwingineko. Vitu vya chuma huacha kutu inayoingia ndani ya jiwe, kwa hiyo mlinzi apewe ruhusa ya kuviondoa kila baada ya muda, familia ikijua.

Yasiyo jiwe

Jimbo la Mississippi lina utaratibu wake wa mabamba ya kumbukumbu kando ya barabara, uitwao Mississippi Blues Trail. Bamba la kwanza liliwekwa Holly Ridge mwezi Desemba 2006 kwa ajili ya Charley Patton, na sasa yako zaidi ya 200. Kikundi chenye faili lililopangwa vizuri la vyeti, sensa na ushuhuda wa wazee kina cha kupeleka panapohitajika uthibitisho wa namna hiyo.

Kwa wale wanaotaka kuweka rekodi zenyewe mtandaoni, sheria ya Marekani ya mwaka 2018 ilipanga ratiba. Rekodi zilizotolewa kabla ya 1923 zilikuwa huru, yaani hazilindwi tena na hakimiliki, tarehe 1 Januari 2022, zile za 1923 zikafuata tarehe 1 Januari 2024, na tangu hapo mwaka mmoja huongezwa kila Januari hadi zifikiwe zile za 1946. Santuri ambazo Mississippi John Hurt alirekodi na kutolewa mwaka 1928 zitakuwa huru tarehe 1 Januari 2029. Kabla ya hapo toeni maelezo, tarehe za kurekodi na maneno ya wazee waliomsikia, na msikilizaji aelekezwe kwenye matoleo yanayowalipa warithi pale yanapopatikana.

Nimtaje Hurt kwa jambo lingine pia. Mwaka 1963 Tom Hoskins alimpata akiwa hai kwa kufuata jina la kijiji cha Avalon alilolitaja katika wimbo, na baadaye nyumba yake ndogo ya mbao ikahifadhiwa na mjukuu wake kuwa makumbusho. Mwezi Februari 2024 nyumba hiyo iliteketea kwa moto. Kwa hiyo kila barua, picha na mazungumzo mliyorekodi yawe na nakala katika sehemu zisizopungua tatu, mojawapo ikiwa kwa familia na nyingine katika taasisi inayofungua milango kwa watafiti, kama vile hazina ya blues ya Chuo Kikuu cha Mississippi mjini Oxford, ambako B.B. King alipeleka santuri zake mwenyewe. Wekeni ndani ya kila nakala ramani ya kiwanja iliyochorwa kwa vipimo kutoka pembe ya kanisa, jina la mtu anayetunza ufunguo wa geti, na tarehe ambayo maelezo hayo yalihakikiwa kwa mara ya mwisho.